Leseni ya Pekee

Ngasa akibonyeza kamera tu, kipimapicha kinataja bei. Ni kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati, kinabandikwa juu ya lenzi, na Mwanza nzima mpiga picha asiye nacho hauzi kitu. Kinamuuliza mteja mambo matatu: picha itakaa wapi, wataiona watu wangapi, kwa muda gani. Akishajibu, bei inatoka, analipa hapohapo. Halafu picha inapigwa muhuri usioonekana, na kila kioo na kila mashine ya kuchapa inautii, haionyeshi wala kuchapa nje ya kilicholipiwa. Wizi wa picha ukaisha. Wapiga picha walishangilia, Ngasa wa kwanza.

Sasa alikuwa sebuleni kwa marehemu mama yake, ameshika fremu ya kioo cha umeme, haijawaka, nyeusi tii. Jeneza lilikuwa mlangoni. Kwao haliondoki bila picha, na mtoto mkubwa ndiye anaibeba mbele.

"Washa basi," alisema mama mdogo Holo. "Watu wako juani."

"Inakataa."

"Inakataaje? Si ulipiga mwenyewe?"

"Niliiuza, ma mdogo. Kwa wale wa mafuta ya kupikia."

"Najua. Dada yangu namwona kwenye mabango kila stendi, ameshikishwa chupa. Kwani waliponunua picha walimnunua na yeye?"

Ngasa alikunja uso. Leseni zilikuwa mbili. Ya kawaida, mteja anatumia na wewe unabaki nayo. Ya pekee, anatumia yeye tu, miaka kumi, ila bei mara nne. Alikubali ya pekee bila kusoma, maana bati lilikuwa linavuja. Mama mwenyewe alisema hajawahi kusikia sura imeezeka nyumba.

"Fungua," alikiambia kipimapicha cha kamera iliyoning'inia shingoni mwake. "Ni mazishi."

"Mazishi ni tukio la hadhara," kilijibu kwa upole. "Watazamaji mia mbili na kumi. Ombi lako litajibiwa na mwenye leseni ndani ya siku saba."

"Siku saba atakuwa ameoza, mjinga wewe."

"Samahani. Mpiga picha anaruhusiwa kuitazama peke yake."

"Hana picha nyingine?" aliuliza Holo.

"Alikuwa akiona kamera anakimbilia jikoni. Hiyo nilimvizia."

Holo alifunga kanga upya. "Basi jigeuzie mwenyewe. Twende."

Ngasa alitoka ameigeuzia fremu usoni kwake. Ilipoona macho yake tu, ikawaka. Waombolezaji nyuma waliona plastiki na skrubu nne. Manung'uniko yakaanza: huyu mtoto anamficha mama yake?

"Sema basi," alisema Holo, karibu kabisa na mgongo wake. "Yukoje humo?"

Ngasa alikohoa.

"Hajaziba pengo la jino kwa mkono," alisema. "Kitambaa kimeteleza kichwani, hana habari. Ana unga shavuni, hili la kushoto. Hapa alikuwa ananiambia niache ujinga nikale."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kikageuka kilio.

"Tembea," alisema Holo. "Tembea huku unasema."