Msamaha wa Jumla

Jumapili, tarehe 30 Desemba 2007, ndiyo siku ambayo kila kitu kiliharibika.

Asubuhi tulienda kanisani kama kawaida. Kanisa letu ni la mabati, hapa Mashimoni, Kibera. Wakamba tuko, Waluhya wako, na wote tunaimba kwa Kiswahili. Mke wangu Mutheu alifagia. Mimi ni fundi wa mbao, kwa hivyo nilikaza benchi lililokuwa linacheza. Binti yetu Yvonne alikuwa kwa nyanya yake Machakos.

Baada ya ibada nilienda mtaa wa Kawangware kumalizia mlango wa mteja. Jioni matokeo ya kura yakatangazwa. Moshi ukapanda. Barabara zikafungwa. Sikuweza kurudi nyumbani.

Wakubwa waligombana huko juu, sisi tukaungua huku chini. Hilo nitalisema mpaka nife.

Mutheu alikuwa na pumu. Usiku huo polisi walipotupa vitoza machozi, alikimbilia kanisani. Akagonga mlango. Ndani kulikuwa na watu. Mwenye ufunguo alikuwa Wepukhulu, fundi wa viatu, ambaye ndiye mhudumu wa mlangoni. Hakufungua.

Asubuhi majirani walimkuta Mutheu ameketi chini, ameegemea mlango. Alikuwa amekufa.

Tulimzika Machakos barabara zilipofunguka. Baadaye wakubwa wakashikana mikono kwenye televisheni. Basi na Pasta Vincent akaona ni vizuri na sisi tushikane.

"Ndugu zangu, yaliyopita yamepita," alisema Jumapili iliyofuata. "Mgeukie jirani yako, mwambie, 'Nimekusamehe.'"

Watu wakageukiana, wengine wakicheka. Wepukhulu akaja kwangu, mkono ameunyoosha.

"Ndugu Musau," akasema, "nimekusamehe."

Mimi! Ati amenisamehe mimi!

Niliuacha mkono wake hewani, nikatoka nje. Sikurudi.

Siku moja Mama Nekoye alikuja kwenye karakana yangu, akanikuta nikigonga msumari kwa nguvu. Ni jirani yangu, anauza sukuma wiki, na ni mzee wa kanisa.

"Baba Yvonne, huo msumari umekukosea nini?"

"Aliyenikosea hayuko hapa. Msumari ndio uko karibu."

Akakaa juu ya mbao zangu bila kukaribishwa. "Hatukuoni kanisani."

"Na hamtaniona. Usinihubirie, Mama Nekoye. Wepukhulu ni Mluhya wa kwenu. Utamtetea tu."

"Ni wa kwetu, ndiyo. Mama yake na mama yangu walichota maji mto mmoja. Ndiyo maana nasema bila kuogopa: alikosa. Na Pasta pia alikosa."

Niliweka nyundo chini. Hakuna mtu kanisani aliyekuwa ameniambia hivyo.

"Pasta alitusamehesha kwa jumla," akasema, "kama gunia la kabeji. Msamaha hauendi hivyo. Ni rejareja. Mtu kwa mtu, kosa kwa kosa."

"Kwa hivyo ninyamaze?"

"Nani amesema unyamaze? Kunyamaza si kusamehe. Yesu alisema ndugu yako akikukosea, mwendee, mkiwa wawili tu, umwambie kosa lake. Asiposikia, rudi na mtu mmoja au wawili. Akikataa bado, liambie kanisa. Wewe umemwendea?"

"Yeye ndiye aje!"

"Aje aseme nini? Pasta amemfundisha kusema amekusamehe."

Nilicheka, ingawa sikutaka.

"Na nikienda, ni lazima nimsamehe?"

"Usikie ukweli kwanza. Wewe ni fundi. Unaweza kupaka rangi mbao iliyooza?"

"Naweza. Itashika mpaka mvua inyeshe."

"Haya, umejijibu."

Kesho yake nikaenda kwake peke yangu. Wepukhulu alipofungua, alitazama mikono yangu.

"Sina nyundo," nikamwambia. "Nina swali. Ulimsikia Mutheu?"

Aliweka chini kiatu alichokuwa ameshika.

"Nilimsikia. Aliniita kwa jina. Alisema, 'Wepukhulu, ni mimi. Fungua, sipumui.'"

"Na hukufungua."

"Ufunguo nilikuwa nimeushika. Lakini Pasta alikuwa amepiga simu kutoka kwake Kawangware. Alisema nisimfungulie mtu yeyote, watachoma kanisa. Ndani kulikuwa na watoto. Niliogopa, Musau." Akajifuta uso. "Lakini mkono ulikuwa wangu, si wa Pasta. Ile Jumapili nilisema upuzi. Mimi ndiye nimekosa. Nisamehe."

Sikumshika mkono siku hiyo. Ila alinipa stuli, nikakaa.

Sasa nilijua kosa halikuwa la mtu mmoja. Mimi, Wepukhulu na Mama Nekoye tukamwendea Pasta. Alitusikiliza akiwa amesimama.

"Mambo ya uongozi waachieni viongozi," akasema.

"Basi tutaliambia kanisa," akajibu Mama Nekoye. "Ni neno la Yesu, Pasta, si langu."

Jumapili Wepukhulu alisimama mbele ya watu wote. Alisema alichosikia na alichokosa kufanya. Hakuficha kitu, hata ile simu ya Pasta. Wamama walilia. Kisha akanigeukia, akaomba msamaha tena. Nikainuka, nikamshika mkono.

Kanisa likaamua siku hiyo hiyo. Anayekimbilia kwetu anafunguliwa, awe wa kabila lolote. Funguo zinakaa kwa watu watatu wanaoishi hapa karibu. Hakuna mtu wa mbali atakayefunga mlango kwa simu.

Baada ya muda fujo ilitokea tena upande wa Soweto East, humu humu Kibera. Wamama walikuja mbio na watoto mgongoni. Wepukhulu, mmoja wa wale watatu wenye funguo, alifungua kabla hawajafika mlangoni. Hata bibi kizee mmoja mwenye kifua kibaya alipumzika kwenye benchi mpaka akapata pumzi. Wote walirudi kwao wazima.

Pasta hakuwapo siku hiyo. Alikuja Jumapili, akatusifu sana kwa upendo wetu. Alipomaliza kusifu, nilinyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akaniruhusu niseme. Sikupaza sauti. Nilimwuliza swali moja tu, na mpaka leo ninangoja jibu:

"Pasta, kama aliyekuwa anagonga usiku ule angekuwa mke wako, ungesema mlango usifunguliwe?"