Kimya Mnarani

Waingereza wana dhambi saba za mauti, na ya nane ni kuruka foleni. Ndiyo maana Jumamosi ile, mbele ya kibanda cha chipsi katika soko la Norwich, umati wote ulinyamaza kwa majonzi Imogen Catchpole alipojipenyeza mbele ya Rufus Thirtle.

"Bibie," Rufus alisema kwa upole wa hakimu, "mwisho wa foleni uko kule kwa muuza soksi."

Imogen aligeuka. Alivaa ovaroli na skafu ya rangi ya haradali, na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la chokaa.

"Samahani. Tangu asubuhi niko na mtu mmoja tu, nimesahau desturi za walio hai."

"Mtu gani huyo?"

"Mtakatifu Kristofa. Nasafisha picha yake kanisani."

"Kanisa lenye mnara wa mviringo? Mimi hupiga kengele pale."

"Kumbe ndiwe unayenitingishia jukwaa langu la kazi."

Rufus akamnunulia chipsi. Siki ilimtiririka Imogen hadi kwenye kiwiko, akailamba bila aibu, na Rufus, fundi baiskeli aliyekuwa na akili zake timamu tangu kuzaliwa, akapotea. Tumwombee.

Kanisa hilo lilijengwa kwa mawe ya gumegume na matajiri wa sufu walioogopa moto wa milele kuliko gharama. Ukutani, mkabala na mlango, walimchora Kristofa akivuka mto na Mtoto begani, kwa kuwa waliamini aliyemtazama asubuhi hangekufa ghafla siku hiyo. Baadaye dini ikabadilika, mfalme akaamuru, Kristofa akapakwa chokaa. Alikaa humo karne kadhaa bila kunung'unika, jambo lisilowezekana kwa mwanakwaya yeyote. Sasa Imogen alikuwa akimfunua kwa kisu kidogo, kuanzia kichwani.

Majira ya baridi yalipita hivyo, Imogen juu ya jukwaa, Rufus chini na chupa ya chai.

"Umefika wapi, mpenzi?"

"Magotini. Ana magoti mazuri kukushinda."

"Yangu hujayamulika kwa taa."

"Nyamaza, mtakatifu anasikia."

Tatizo la magoti ni kwamba chini yake kuna miguu, na kazi ingeishia hapo. Durham, mji ulio mbali kaskazini, walikuwa wamempa Imogen kazi nyingine, na Jumatano jioni walitaka jibu. Akapanda ngazi ya mnara, simu mkononi, akamkuta Rufus na wenzake wakipiga kengele.

"Rufus, Durham wananisubiri. Niende au nibaki? Sema neno moja tu."

Rufus alivuta kamba. Midomo yake ilichezacheza. Hakumtazama hata kidogo.

"Ahaa," Imogen alisema, akashuka.

Yeye alikuwa mtu wa picha. Hakujua kwamba mpiga kengele hasemeshwi. Kengele ya Rufus ilikuwa na uzito wa fahali, na zamu za kengele zote zilikuwa zinahesabiwa kichwani mwake. Neno moja lingeuvuruga mnara mzima, na kukosea kamba mara moja kungemrusha mtu darini.

Rufus alipoiweka kamba chini, alimpigia simu.

"Kumbe una sauti," Imogen alijibu.

"Nilikuwa kwenye kamba, mpenzi."

"Na mimi nilikuwa mbele yako. Nimewakubalia Durham. Lala salama."

Asubuhi Rufus alifika kanisani amevaa suti ya mazishi ya babu yake, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Imogen alikuwa amelala kifudifudi kwenye ubao wa chini wa jukwaa, akigandamiza kitu ukutani kwa kidole.

"Imogen, sikuja kukuzuia. Nenda Durham. Mimi pia naja. Kule kuna vilima, baiskeli zitaharibika vizuri zaidi. Ila ningependa tuende tumeoana. Utanikubali?"

Kimya. Imogen hakugeuka, hakupumua. Sikio lake tu ndilo lililokuwa jekundu.

Rufus alifungua mdomo, akaona brashi ya gundi kando yake, akaufunga. Akakaa kwenye benchi akamsubiri, kofia magotini. Kristofa aliwatazama wote wawili. Alikuwa amezoea kusubiri.

Hatimaye Imogen aliondoa kidole, akavuta pumzi ndefu.

"Kidole gumba cha mguu wa Kristofa kilikuwa kinabanduka," alisema. "Ningekujibu, rangi ya miaka mia sita ingepeperuka puani mwangu."

"Nimeona."

"Jana ulikuwa hivi hivi?"

"Hivi hivi. Ila mimi nilikuwa nimesimama."

Imogen aliketi, akafuta gundi kwenye ovaroli, akamtazama kuanzia viatu hadi tai.

"Hiyo suti hutaoa nayo."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndiyo, Rufus. Ndiyo. Sasa nishikie taa, bado kidole kimoja."