Ndiye au Siye

"Soma tena," Shangazi aliamuru.

Mkutubi alisogeza simu karibu na taa ya jikoni, kana kwamba tatizo lilikuwa mwanga, akasoma kwa sauti yake ya siku zote:

"'Nashukuru kwa jibu lako. Nimelipokea kiume. Sitakusumbua tena. Kila la heri.'"

"Sijasikia."

"Shangazi, nimeshasoma mara mbili!"

"Unaongea kama mbu mwenye mafua. Lete hapa." Shangazi alinyakua simu, akasoma mwenyewe, midomo ikicheza. Kisha akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka bomu. "Wewe ulimjibu nini?"

"Aliniuliza, 'Mimi ndiye au siye?' Nikamwambia ndiye."

"Ndiye?"

"Ndiye."

"Na yeye ndiyo kakuandikia kila la heri, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa?"

Mkutubi aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yameshafika mlangoni.

"Nawajua hao," Shangazi alisema. "Wanapiga hodi kwa nguvu zote. Ukifungua mlango, wanatimua mbio kama watoto wa jirani. Na mimi nilivyo na mdomo mwepesi, ukoo mzima nimeshauambia kwamba unaolewa! Mjomba wako ameshanunua suti!"

Hapa inatubidi tusimame, tuvue kofia, tueleze kwa heshima zote msiba huu ulianzia wapi.

Binti huyu alikuwa mkutubi wa maktaba ya umma, ile ya ghorofa moja yenye ua mpana nyuma. Msidhani ni ghala la vitabu tu. Jumatatu jioni kina mama walijifunza kushona humo. Jumatano wazee walifundishwa kutumia simu, wakafundishwa tena Jumatano iliyofuata. Jumamosi ilikuwa saa ya hadithi kwa watoto, na hiyo ilikuwa yake. Mkuu wa maktaba, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Kimya, alikuwa na sheria moja tu: sauti yako isivuke meza yako. Binti aliitii sheria hiyo miaka na miaka, mpaka ikahamia kooni. Sokoni alinong'ona. Akigombana, alinong'ona. Siku moja aliona nyoka bafuni, akanong'ona.

Na moyo, ambao haujawahi kuwa na akili timamu, ukamchagulia Fundi Bezi.

Bezi alikuwa anakodisha spika. Harusi, mahafali, mikutano ya hadhara, popote palipohitajika kelele, yeye ndiye aliyezileta kwa gari. Alifika maktaba mara ya kwanza kutengeneza maiki ya chumba cha watoto. Kazi ya dakika kumi ikamchukua mchana kutwa. Baada ya hapo akajiandikisha kuwa msomaji, akaazima kitabu cha ufugaji wa nyuki. Akakirudisha, akakiazima tena. Hakuwa na nyuki hata mmoja.

Walipendana hapo hapo, katikati ya rafu. Yeye akisema, Bezi anamkazia macho usoni, anatabasamu, anatikisa kichwa kukubali, hamkatizi hata mara moja. Mkutubi alijisifia kimoyomoyo kwamba amempata mwanaume msikivu. Wanawake wenzake walikuwa wanamtafuta mtu wa aina hiyo kwa tochi.

Mpaka ilipofika ile Ijumaa. Bezi alisimama mbele ya meza yake, shati limepigwa pasi, jasho linamtiririka.

"Sijui kuzunguka," alisema kwa sauti yake nzito, mpaka wasomaji wawili wakainua vichwa. "Nataka kujua jambo moja tu. Mimi ndiye, au siye?"

Mkutubi aliona haya. Alichukua kitabu kilichokuwa karibu, akajifunika mdomo, akanong'ona:

"Ndiye."

Bezi alikitazama kile kitabu. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Haya," akatoka. Mkutubi alidhani kaenda kuwaita wazee wake. Jioni ukaja ule ujumbe.

Shangazi alimshauri apige simu.

"Nimpigie mimi?" mkutubi alinong'ona. "Niseme ndiye, halafu nibembeleze?"

Lakini kesho yake, kwenye chumba cha kusomea, vidole vyake vilipiga vyenyewe.

"Haloo?" Bezi alipokea. Nyuma yake ngoma za muziki zilikuwa zinajaribiwa.

"Ni mimi."

"Haloo?"

"Ni mimi. Kwa nini unanifanyia hivi?"

"Haloo! Sauti haiji! Nani mwenzangu? Haloo!"

Simu ikakatwa. Mkutubi aliitazama kwa uchungu. Mtandao! Katika visingizio vyote vilivyoumbwa chini ya jua, mwanaume yule alikuwa amechagua kile kilichochakaa kuliko vyote. Akaifuta namba yake. Nusu saa baadaye akaiandika upya, maana alikuwa ameikariri.

Wiki ile ikapita hivyo, Bezi haonekani, nyuki wamekaa rafuni hawana mfugaji. Ikafika Siku ya Jamii ya maktaba, siku ambayo milango yote hufunguliwa. Uani palijaa meza: fundi cherehani anawaonyesha watu jinsi ya kuweka zipu, mwanasheria anajibu maswali bure, muuguzi anapima macho na masikio, watoto wanakimbizana kati ya viti. Na kwenye kona, akiwa amepiga magoti kati ya spika mbili ndefu kama milango, alikuwepo Fundi Bezi.

"Nani kamwita huyu?" mkutubi alinong'ona.

"Mimi," alijibu Mzee Kimya, naye kwa kunong'ona. "Ni wa bei nafuu."

Shangazi alikuwa ameshafika, amevaa kama mtu anayekwenda kupokea tuzo.

"Yuko wapi?" aliuliza. "Yule mwenye waya shingoni? Mh. Sura si mbaya. Nakwenda kumuuliza anamwonaje binti yetu, kama biskuti za kuonja?"

"Shangazi, nakuomba! Baada ya saa ya hadithi. Nikilia sasa hivi, watoto nitawasomea nini?"

"Baada ya hadithi, basi. Lakini leo hatoki hapa hajajibu."

Mzee Kimya alifungua shughuli rasmi. Alishika maiki kwa mbali, akatoa hotuba ndefu yenye busara nyingi, ambayo haikusikiwa na kiumbe chochote. Watu walipiga makofi alipoinama, wakidhani amemaliza, kumbe alikuwa anaokota kalamu. Baadaye akamaliza kweli, hakuna aliyejua.

Ikafika zamu ya hadithi. Watoto walikaa chini, wakubwa wakasimama nyuma yao. Bezi alikuja na maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Hakumtazama usoni.

"Samahani, dada," alisema. "Nibane hapa?"

Dada! Juzi mpenzi, leo dada! Mkutubi alikaza meno, akanong'ona bila kufungua mdomo sawasawa:

"Mwoga wewe."

"Eti?"

"Mwoga!"

Bezi alinusa kwapa lake, uso umemsawijika. "Nimeoga, mbona. Asubuhi. Na sabuni."

Mkutubi alimwangalia kwa hasira. Kumbe anamfanyia na mzaha! Bezi alirudi haraka kwenye mashine yake, akavaa hedifoni zake kubwa zilizofunika masikio yote mawili, akazima spika za nje ili ajaribu maiki kwanza.

"Sema chochote," alimwambia kwa ishara ya mkono. "Chochote tu, nikusikilize."

Chochote? Haya. Mkutubi aliinamisha kichwa kwenye kola, kitabu cha hadithi kikiwa mbele ya uso, akanong'ona yote yaliyomkaa rohoni:

"Nilikwambia ndiye. Nilisema wewe ndiye. Nawe ukanikimbia."

Bezi aliganda. Mkono ulibaki hewani juu ya vitufe. Kisha, kama ilivyo kwa kila mtu aliyeziba masikio kwa hedifoni, hakujua sauti yake inafika wapi. Akanguruma:

"ULISEMA NDIYE?!"

Ua mzima ukageuka. Cherehani ikasimama. Mzee Kimya akamwagikiwa na chai.

"Nilisema ndiye," mkutubi alinong'ona kwenye kola.

"MIMI NILISIKIA SIYE!"

"Vua hizo, baba!" mwanasheria alimpigia kelele. "Unatupasua!"

Bezi alivua hedifoni, akaja mbio akiruka nyaya na watoto. Akasimama mbele ya mkutubi, anahema.

"Siye? Ningesemaje siye?" mkutubi aliuliza. "Kwa nini hukuniuliza tena?"

"Mtu akishakwambia siye, unamuuliza tena ili iweje? Akupe na risiti?"

"Na simu? Ulinikatia!"

"Ile ilikuwa wewe? Namba yako nilishaifuta kwa uchungu! Mimi nilidhani ni mtu kanipigia bila kujua, kwa kukalia simu!" Bezi alijipangusa jasho. Alitazama watu wote waliokuwa wanamtazama, wateja wake wa jana na wa kesho. "Sikiliza. Sikio langu la kushoto halifanyi kazi. Spika zimelimaliza zamani. La kulia linachechemea. Wewe ukiongea, nasoma midomo. Siku ile ukajifunika na kitabu."

Mkutubi alirudisha mawazo nyuma. Kule kutikisa kichwa kote. Yale macho yaliyomkazia uso.

"Kumbe ulikuwa hunisikii miezi yote hii?"

"Nusu nilikuwa naipata. Nusu nyingine nakubali tu, maana nilijua kutoka kwako hakiwezi kutoka kibaya."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Fundi wa spika kiziwi? Nani angenikodi?"

"Ndiyo maana!" ilipaa sauti ya kijana mmoja kutoka nyuma. "Harusi ya kaka yangu tulitoka vichwa vinauma siku mbili!"

Watu waliangua kicheko. Bezi alicheka nao, lakini masikio yake yote mawili, lile zima na lile lililostaafu, yalikuwa yamewiva kwa aibu. Siri ya kazi yake alikuwa ameimwaga uani mbele ya mji mzima.

"Basi sasa wote wanajua," alisema. "Na mimi bado sijui. Nauliza mara ya..."

"Usiulize!" mkutubi alisema. "Umeshauliza. Kosa ni la jibu."

Aliing'oa ile maiki kwenye kola, akampa mkononi. Akaweka kitabu chini. Akavuta pumzi kutoka mahali ambapo hakuwahi kuvutia pumzi tangu aajiriwe. Watoto waliokaa mbele, kwa silika tu, walirudi nyuma.

"WEWE NDIYE!"

Njiwa walitoka juu ya paa. Mlangoni, mpita njia alisimamisha baiskeli. Haikuwa sauti nzuri, tuseme ukweli, ilikatika katikati kama pikipiki ya asubuhi, lakini ilivuka meza yake, ikavuka meza zote, ikavuka ukuta, ikaenda zake mjini.

"Umesikia?" alimuuliza Bezi, akihema.

"Nimesikia!"

"Sikio gani?"

"Yote! Hata lile lililokufa limeshtuka!"

Mzee Kimya, kwa mazoea ya maisha yake yote, aliinua kidole mdomoni. "Shiii..."

Watoto wote waligeuka kwa pamoja, wakajiwekea vidole midomoni.

"SHIIII!"

Mzee aliteremsha kidole. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akafanya jambo ambalo maktaba ile haikuwahi kuliona: alipiga makofi. Mawili tu, laini. Ua ukalipuka. Shangazi alikuwa ameshatoa simu.

"Mjomba! Ile suti usiirudishe! Eee, yupo! Kiziwi kidogo tu, lakini anarekebishika!"

Saa ya hadithi haikuahirishwa, maana watoto hawakubali ahadi. Mkutubi aliwasomea bila maiki, na yule fisi wa kwenye hadithi, ambaye siku zote alikuwa anacheka kama mtu mwenye adabu, siku hiyo alicheka mpaka mtoto mmoja akahamia mapajani kwa fundi cherehani. Bezi alikaa mstari wa mbele kabisa, magoti juu, akishindana na watoto kuona picha.

Ilipoisha, Shangazi alimshika mkono kama polisi.

"Mkwe, huku. Kabla sijazungumza na wazee wako, nataka kujua tunachukua mtu mwenye masikio mangapi."

Alimpeleka kwenye meza ya muuguzi, akaruka foleni kwa ujasiri ambao si wa kuigwa. Muuguzi alimchunguza, akamjaribu upande huu na upande ule.

"La kushoto limechoka sana," alisema. "Kuna kifaa kinaweza kulisaidia, nitakuelekeza pa kwenda. La kulia ni zima kuliko unavyodhani. Lina nta tu."

"Nta!" Shangazi alishika kiuno. "Tumelia wiki nzima kwa sababu ya nta!"

"Na spika, unakaa nyuma yake, si mbele," muuguzi aliongeza. "La sivyo hata watoto wako hutawasikia."

"Watoto," Bezi alirudia. Akamgeukia mkutubi, uso wote unacheka. "Umesikia? Kasema watoto."

"Mimi husikia kila kitu," mkutubi alijibu, safari hii kwa sauti ya kawaida ya watu wa kawaida, ambayo ilikuwa imejikalia kooni kama mgeni aliyeamua kuhamia. Alizunguka, akasimama upande wake wa kulia. "Utawaleta lini wazee wako?"

"Jumapili. Na wewe utavaa nini?"

"Utaona ukifika."

Bezi aliona huo ndio wakati wa kusema lile neno ambalo hakuwahi kulisema. Aliona pia kwamba mchumba wake ni mtu wa utulivu, na kwamba mapenzi yana heshima yake. Basi akainama sikioni kwake, akakinga mdomo kwa mkono, akanong'ona, au tuseme alifanya kile ambacho yeye alikiamini kuwa ni kunong'ona:

"Nakupenda."

"Tumesikia!" foleni nzima ya muuguzi ikaitikia.