Sema Tumefika

Jua lilikuwa linazama Iringa nilipotoka gesti kwenda kutafuta chakula, na baridi ya Juni ilikuwa imeshaanza kuuma masikio. Pale Miyomboni kulikuwa na mama mmoja anakaanga chipsi, wenyewe wanamwita Mama Goodness. Nikamwamkia kwa Kihehe changu cha kuokoteza.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, dada. Karibuni."

Karibuni! Niko mmoja, ananikaribisha kama kwaya. Nikaagiza chipsi mayai, sahani moja. Akaileta na vijiti viwili vimechomekwa juu.

"Mama, nimekuja peke yangu."

Akatazama nyuma ya bega langu, kisha akainamisha macho kwenye karai lake. "Haya, dada. Mi nilijua na mwenzako anakula."

Nikacheka kwa dharau, na sioni aibu kusema. Mimi ni Joyness. Kama uko mtandaoni umeshaniona: ni yule msichana wa Mbeya anayezunguka dunia na begi moja mgongoni. Ukurasa wangu unaitwa Peke Yangu. Nimelala kituo cha treni Tbilisi, nimeendesha pikipiki ya kukodi milima ya Vietnam, nimevuka Namibia kwa kuomba lifti. Mchana wa siku hiyohiyo nilikuwa nimetoka kuwahutubia wanachuo hapo mjini kuhusu ujasiri wa kuondoka bila kumsubiri mtu.

Na kote huko duniani, watu wa kila rangi na kila dini waliniuliza swali lilelile la kijinga. Mwenzako yuko wapi? Mwenye hosteli ya Lusaka alinitandikia vitanda viwili. Mzee wa Georgia alimimina glasi mbili za divai, moja akaisogeza kwenye kiti kitupu. Niliona ni uvivu wa akili tu. Dunia nzima haiwezi kumtazama msichana akiwa mmoja bila kumtafutia mlinzi! Niliandika sana kuhusu hilo, na watu wakanipigia makofi.

Nikawa natafuna chipsi zangu. Nyuma yangu mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha chini chini...

Nikageuka.

Barabara tupu. Ilipita tu harufu ya dawa ya kuchua, ile ya kupaka kifuani, nami nikasema moyoni kwamba mji huu kila mtu ana mafua.

Kesho yake jioni nilikuwa Mbeya, napandisha kilima juu ya Iyunga kule lami inakoishia. Shangazi Severina ndiye aliyenilea. Nililala kitanda kimoja na binti yake, Sekela, tangu tukiwa wadogo. Babu ndiye aliyetupa majina, na kwa kukosa ubunifu akatupa jina moja mara mbili: Sekela kwa Kinyakyusa ni kufurahi, na mimi akaniokotea la Kizungu. Safari zenyewe zilikuwa wazo la Sekela. Alibandika ramani ya dunia ukutani, usiku tunachagua miji. Tulipomaliza kidato cha nne kifua kikamshika, akakohoa miezi kadhaa, akafa. Nilimpenda kuliko mtu yeyote. Nilimkasirikia pia, kwa kuniacha niende mwenyewe.

Ukungu ulikuwa umeshashuka kwenye mikaratusi. Shangazi alikuwa amesimama getini, kajifunga kanga mbili, mkono ameunyoosha kuziba njia.

"Ugonile, mwanangu."

"Ugonile, shangazi. Nipishe basi, baridi hii."

"Kwanza useme tumefika."

"Nimefika."

"Siyo hivyo." Akasogea karibu, akanong'ona. "Tu-me-fika."

Nikadhani uzee. Nikatabasamu lile tabasamu ninalowapa maofisa wa mipakani. Yeye hakutabasamu.

"Siku unaondoka nilikushonea kamba ya begi. Unakumbuka? Nilishonea humo kipande cha kanga ya Sekela. Nikamwambia, nenda na ndugu yako, mkaione hiyo dunia, mrudi wote. Alikufa anaililia, Joyness. Sasa ameshaiona. Mrudishe kwangu apumzike. Anaingia kwa neno la yule aliyetoka naye."

Jamani! Mama wa kwaya huyu. Jumapili anakemea mapepo mpaka sauti inakauka, Jumatatu anashona wafu kwenye mabegi.

Lakini nilimkumbuka mwanamume mmoja aliyenipa lifti Namibia. Alisimamisha gari porini, akashuka, akanishika mkono kwa nguvu. Halafu akatazama pembeni yangu... Akaniachia. Akaondoa gari kabla hata hajafunga mlango. Kisa hicho nimekisimulia kwenye majukwaa mengi, na kila mara nasema ni macho yangu yaliyomtisha.

Sasa fikiria nilichokuwa naombwa. Nikisema tumefika, basi sijawahi kwenda popote. Kila mlima nilioupanda, kila mpaka niliouvuka, nilisindikizwa kama mtoto anayepelekwa chekechea. Neno lile dogo lingenipokonya kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Shangazi, haya mambo ya kishamba mimi sishiriki."

"Usipomwingiza hapa, hana mlango mwingine," alinong'ona. "Atabaki na wewe. Na sasa njia zote anazijua."

Nikavuta pumzi. Nikasema kwa sauti, hata majirani wasikie:

"Nimefika. Peke yangu!"

Mbwa wa jirani akanyamaza ghafla.

Kikohozi. Karibu kabisa na shingo yangu.

Ile harufu ya dawa ya kuchua...

"Mwenzako nimechoka."

Haikuwa sauti ya shangazi. Shangazi alikuwa mbele yangu, amefumba mdomo, machozi yanamtiririka, na hakuwa ananitazama mimi.

"Sekela," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Akashusha mkono, akanipisha. Ndani kulikuwa na sahani tatu mezani. Moja akaichukua, akaifunika kifudifudi, akaenda kulala bila kula.

Asubuhi nilichukua wembe nikachana kamba ya begi, nimalize upuuzi ule. Hamkuwa na kitu. Ushonaji wa shangazi ulikuwa umeshafumuliwa, nyuzi zimetolewa moja moja kwa utaratibu, na zilikuwa zimefumuliwa kutokea ndani. Nikampelekea aone, huku nacheka.

"Umeona? Hakuna kanga, hakuna Sekela."

Hakuinua kichwa kwenye mahindi aliyokuwa anapukuchua. "Alikuwa humo," alisema. "Sasa hayumo humo."

Nikaondoka siku hiyohiyo. Tunduma nilifika mchana, jua kali, malori yamepanga foleni ya kuingia Zambia, vijana wanapiga kelele za kubadilisha hela. Mahali pa mwisho duniani pa kuogopa mzimu. Nikajipanga dirishani, nikapenyeza pasipoti yangu. Ofisa hakunitazama. Alitazama kando ya bega langu la kushoto, akatabasamu.

"Karibu, dada. Unasafiri na nani?"

Nikafungua mdomo kujibu. Kifua kikabana. Kilichotoka ni kikohozi tu, kikavu, cha chini chini.

"Peke yangu," alijibu mtu kwa sauti iliyochangamka.

Muhuri ukagongwa. Mkono ukapita mbele yangu kuichukua pasipoti, mkono mwembamba ninaoujua, wenye kovu la pasi ya mkaa. Nikasikia begi linanyanyuliwa mgongoni mwangu. Nikaita. Nikamshika ofisa mkono. Yeye akajikuna nilipomshika.

"Anayefuata!"

Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza mwenzangu yuko wapi. Ukurasa wa Peke Yangu unaendelea. Sekela anaandika ovyo, hajui hata kupanga aya, mabano matupu na alama za mshangao kila mahali. Wafuasi wameongezeka.

Lusaka tulifikia hosteli ileile. Mwenye hosteli akatandika vitanda viwili bila kuambiwa, akamuuliza Sekela kama mwenzake atahitaji blanketi la ziada. Akacheka kwa dharau, kile kicheko changu hasa, akasema amekuja peke yake. Jioni akatoka kutafuta chakula. Nilimfuata, kwa sababu nikibaki nyuma navutwa, na kifua kinauma sana nikivutwa. Akakaa kwenye benchi, akaagiza sahani moja. Nikainama sikioni mwake.

"Sekela... mwenzako nimechoka."

Akageuka. Akatazama barabara tupu, akaendelea kula.