Sauti ya Mwende, Sura ya Reine

"Dada, mbona umeinamia spika?" aliuliza Dipti, mwenye duka la santuri pale Kilburn, London.

Mwende akalichukua jalada la santuri. Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa yake mwenyewe. Lakini jalada lilikuwa na picha ya mwanamke mwingine, na jina: Reine.

"Nani ameleta hii?"

"Mkongo mmoja mpiga gitaa, Pacifique. Anaizindua leo jioni, Stratford."

Pacifique! Mchumba wake. Ndiye aliyemrekodi chumbani kwake, mapazia yamefungwa, akimkataza kumwambia mtu.

"Kwa nini tusiweke mtandaoni?" Mwende aliwahi kumuuliza.

"Mtandaoni watu wanaonja kidogo, wanaruka, chérie, mpenzi wangu. Mwenye santuri anakaa chini, anageuza upande wa pili kwa mkono wake, anakusikiliza mpaka mwisho. Sauti yako inataka mtu kama huyo."

Maneno matamu yale! Kumbe alitaka tu isifike kwenye simu ya yeyote anayemfahamu Mwende.

Akampigia.

"Uko wapi, Paci?"

"Kazini, chérie. Nitachelewa."

"Reine ni nani?"

Simu ikakatwa. Ujumbe ukaingia: "Usije Stratford. Ni kwa usalama wako."

Mwende akaitia simu mfukoni. Akaenda hivyo hivyo.

Ukumbini watu walikaa kimya wakisikiliza, santuri ikizunguka. Mbele alisimama Reine, mkono wa Pacifique kiunoni mwake.

"Mke wangu aliimba hii akilia," Pacifique aliwaambia wageni.

Mwende akapita katikati yao, akainua sindano ya santuri, akaendelea kuimba ubeti pale pale ulipokatika. Sauti ile ile.

Glasi ya mgeni mmoja ikaanguka. Reine akarudi nyuma.

"Wewe ni nani?"

"Mwende. Hiyo sauti ni yangu. Na mimi na huyo tunaoana mwezi ujao."

Reine akamgeukia mumewe.

"Uliniambia msichana aliyeimba alikufa. Ukasema aliacha wosia nyimbo zake zitoke kwa jina langu."

"Reine, tuongee nyumbani..."

"Ulinipeleka makaburini, Pacifique! Nikaweka maua, nikamlilia. Kaburini mle umemzika nani?"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Pacifique akapiga hatua moja nyuma. Akautupia mlango jicho.

Reine akamtangulia, akaufunga kwa ufunguo uliokuwa kwenye kitasa.

Mwende alikuwa tayari na simu sikioni, akiwapa polisi anwani.