Damu ya Bibi Haikunyamaza

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajagusa kitabu wala simu, Solbi alichemsha maji ya shayiri, akayaacha yapoe kidogo, akampelekea bibi yake pamoja na vidonge vyake vya mara moja kwa juma. Bibi alikuwa na baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili huvigeukia viungo vya mwili wenyewe. Mama alikuwa akienda kazini kiwanda cha mwani tangu alfajiri, kwa hiyo kazi hiyo alimwachia Solbi, naye aliionea fahari kama aliyekabidhiwa funguo za nyumba.

"Nimemeza, mkuu wa kituo," Bibi alizoea kusema, kinywa wazi. "Unataka kukagua na chini ya ulimi?"

Wote wawili walicheka. Solbi hakuwahi kukagua. Nani amkague bibi yake?

Msimu wa kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, ulipofika, mji wote wa Haenam ulinuka pilipili na vitunguu saumu. Wanawake wa mtaa walikusanyika uani kwa Bibi, kabichi zimelala kwenye maji ya chumvi. Bibi ndiye aliyeonja rojo ya pilipili kwa niaba ya mtaa mzima. Ulimi wake usipotoa idhini, hakuna aliyepaka hata jani moja.

Lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba tena. Asubuhi hakuweza kufunga vifungo vya koti. Zahanati ikampima damu, na jioni moja Daktari Pyo akampigia Mama simu.

"Solbi!" Mama aliita, simu bado mkononi. "Protini ya uvimbe katika damu ya bibi yako imepanda sana. Dawa unampa, au unasahau?"

"Nampa, Mama! Kila Jumamosi!"

"Jumamosi iliyopita ulikimbilia mpira."

"Nilimpa kabla sijatoka. Bibi, mwambie basi!"

Bibi alikuwa akimenya figili. Kisu kilisita kidogo, kisha kikaendelea.

"Watoto ni watoto," alisema polepole. "Usimkaripie sana."

Solbi alimtazama, asiamini masikio yake.

Kesho yake, Solbi alipotoka shule, Mama Donguk, jirani yao, alimtuma kwenye mitungi ya kimchi iliyopangwa nyuma ya nyumba ya Bibi.

"Nisuuzie ule mdogo wa pembeni, mrembo wangu. Na usiuvunje, umenizidi umri!"

Solbi aliinua kifuniko. Chini kabisa kulikuwa na karatasi laini iliyokunjwa. Akaifungua. Vidonge vya Bibi, vya majuma kadhaa, vyote vizima.

Kilichomuuma zaidi si makaripio ya Mama. Kilimuuma kile kinywa kilichofunguliwa wazi mbele yake, na vile vicheko. Alitia karatasi mfukoni, na alasiri hiyo akamsindikiza Bibi zahanati, alikoitwa na daktari.

"Inaelekea dawa hii imeshindwa," alisema Daktari Pyo. "Tutaanza sindano yenye nguvu zaidi. Inalegeza kinga ya mwili, lakini hatuna budi."

Solbi alimwangalia Bibi. Bibi aliangalia viatu vyake. Ndipo Solbi akaiweka karatasi mezani.

"Haikushindwa, Daktari. Haikufika hata tumboni."

"Solbi!" Uso wa Bibi uliiva. "Mbele ya watu? Mjukuu wangu mwenyewe unanigeuka?"

"Wewe ulinigeuka kwanza, Bibi. Mama aliponikaripia, uliniacha nibebe lawama."

Bibi alifumba macho. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo.

"Vidonge vile vinanichafua moyo siku mbili nzima. Ulimi wangu unakuwa kama bati. Nikionja rojo, chumvi siioni. Nikamsikia Mama Donguk akinong'ona, 'Ulimi wa bibi huyu umeshazeeka.' Nikasema, acha msimu upite kwanza."

Daktari alisogeza kiti karibu.

"Bibi yangu, mtu ukimuuliza hali hujibu 'njema' hata kama hajiwezi. Damu haina adabu hiyo. Viungo vikiwaka moto, ini humwaga ile protini, nasi tunaiona. Moto huo ukiachwa, huumiza moyo na mishipa, ukauzeesha mwili kabla ya siku zake. Kichefuchefu kina tiba: nitakuongezea vitamini, na vidonge utameza jioni baada ya chakula. Ila uongo hauna kidonge. Nusura nikuchome sindano usiyoihitaji!"

Mama aliporudi jioni, hata viatu hajavua, Bibi alimkabili.

"Mtoto hakusahau. Mimi ndiye niliyetema dawa, na lawama nikamtwika yeye."

Mama alimvuta Solbi kifuani, akamwomba radhi. Bibi naye aliomba. Solbi aliitikia kwa kichwa tu. Kidonda cha namna hiyo hakifungi kwa siku moja.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, protini ilikuwa imeshuka, na Bibi alifunga vifungo vyake mwenyewe. Siku hiyo alimkalisha Solbi kando yake, kwenye sakafu iliyopashwa joto kwa chini.

"Nilidhani naificha aibu yangu, mjukuu wangu, kumbe nilikuvika wewe," alisema. "Ukiumwa, sema. Ukishindwa, sema. Ukweli ukifichwa, mara nyingi anayeumia ni yule aliyekuamini."

Solbi alisogea, mpaka bega lake likagusa la Bibi.