Pumzi ya Fundi Saa

Fundi saa alikuwa amechoka. Hakuchoka kwa kubeba mizigo wala kwa kulima. Alichoka kwa kukaa.

Duka lake lilikuwa jembamba, upana wake kama milango miwili. Ndani mlikuwa na meza moja fupi, kiti kimoja, taa, na saa za kila aina ukutani. Meza ile aliachiwa na fundi aliyemfundisha kazi. Mzee yule alikuwa mtu mfupi. Fundi saa mwenyewe alikuwa mrefu. Kwa miaka kumi na tisa aliinamia meza ya mtu mwingine, na hata siku moja hakufikiria kuibadilisha.

Kila asubuhi alipachika lenzi kwenye jicho la kulia. Akashika kibano mkono huu, bisibisi ndogo kama sindano mkono ule, akainama. Saa nne, bado ameinama. Saa saba, bado ameinama. Jioni akifunga duka, mwili ulinyooka nusu tu. Nusu nyingine ilikataa.

Na kila kitu kilimkera. Mlango ulimkera kwa kulia. Taa ilimkera kwa kuwaka. Wateja ndio usiseme.

"Fundi, saa yangu tayari?"

"Ingekuwa tayari ningekuita."

"Lakini uliniambia Jumanne."

"Jumanne ziko nyingi."

Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Binti yake wa miaka minane, ambaye wote walimwita Chiriku kwa kupenda kuongea, alimfuata na daftari.

"Baba, nisaidie hesabu."

"Nimechoka."

"Mbili tu, baba."

"Nimesema nimechoka! Husikii?"

Chiriku akafunga daftari lake. Kesho yake hakuuliza. Wala siku iliyofuata.

Jioni moja fundi saa alirudi mapema. Alisikia kicheko kutoka sebuleni. Alichungulia. Chiriku alikuwa anatembea mbele ya mama yake. Shingo ameitanguliza mbele kama kobe, mabega ameyapandisha hadi masikioni, mikono inaning'inia. Kila hatua tatu anasimama, anashusha pumzi kwa kelele, "Aaagh!" Mama yake alicheka mpaka akajifuta machozi.

Kisha wakamwona mlangoni. Kicheko kikakatika.

"Huyo ni nani?" fundi saa aliuliza. Alijua jibu.

Chiriku aliangalia chini. "Ni mtu tu."

Mtoto alipoondoka, mkewe alisema polepole, "Usimkasirikie. Ndivyo unavyotembea, mume wangu. Siku hizi hata kula unakula kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya meza. Nyoosha mgongo basi."

"Nyoosha mgongo! Nyoosha mgongo!" Fundi saa alifura. "Wewe unasema, mama yako anasema, hata kinyozi anasema. Kila mtu amekuwa daktari! Mimi ndivyo nilivyo. Nimepinda, na nina hasira. Mnizoee."

Mkewe alichukua vyombo akaenda kuviosha. Alivigonganisha kwa nguvu kidogo kuliko kawaida.

Wiki hiyo hiyo mwalimu mstaafu aliingia dukani. Alikuwa bibi wa miaka sabini na nane, anatembea taratibu lakini anaongea kama yuko mbele ya darasa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hii ni saa ya marehemu mume wangu. Imesimama. Sitaki uing'arishe. Nataka itembee."

Fundi saa aliifungua. Ilikuwa saa nzuri ya zamani, na skurubu zake zilikuwa ndogo kama chembe za mchanga. Aliishika ya kwanza kwa kibano. Mkono ukatetemeka. Skurubu ikaruka. Alipiga magoti, akaitafuta sakafuni kwa dakika ishirini. Akaipata. Akaketi, akaishika tena. Mkono ukatetemeka tena.

Mara ya tatu ndipo kifua kilipombana. Vidole vilimfa ganzi. Saa zote ukutani zilianza kuzunguka mbele ya macho yake. Alikaa chini sakafuni, akampigia mkewe simu.

"Njoo," alisema. "Nadhani moyo unasimama."

Mkewe alikuja mbio. Wakaenda moja kwa moja kituo cha afya.

Daktari alimpima presha. Alisikiliza moyo na mapafu. Alimpima moyo kwa mashine. Alimwuliza maswali mengi. Mwisho akasema, "Moyo wako mzima. Presha yako nzuri."

"Sasa kama ni mzima, mbona nilikaribia kufa?"

"Hukukaribia kufa. Lakini ulifanya vizuri kuja. Mtu akibanwa kifua asikae nyumbani akibahatisha. Aje apimwe." Daktari aliandika kikaratasi. "Nenda chumba cha mazoezi ya viungo."

Fundi saa aliguna. Alijua nani yuko chumba kile. Ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke mwenye maneno mengi na utani mwingi zaidi. Miaka yote fundi saa alidhani kazi yake ni kukanda watu na kuwaambia wanyanyue miguu.

"Karibu, shemeji!" alisema yule. "Umekuja kwa hiari au umeburutwa?"

"Nimeburutwa. Na ukiniambia ninyooshe mgongo, naondoka."

"Sikuambii kitu. Kesho nitakuja dukani. Nataka nikuone ukifanya kazi."

Kesho yake alikuja kweli. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, akachukua saa moja ukutani, akaishika mkononi. Fundi saa aliinama, akashika skurubu. Shemeji akatazama mishale ya saa.

"Shemeji," yule alisema. "Umesahau kitu."

"Nimesahau nini?"

"Kupumua."

"Acha utani."

"Nimekupima kwa saa yako mwenyewe. Tangu ushike hiyo skurubu zimepita sekunde arobaini. Hujavuta pumzi hata moja."

"Nikipumua mkono unatikisika!"

"Na usipopumua?"

Wote wawili waliangalia mkono wa fundi saa. Ulikuwa unatikisika.

Shemeji alisogeza kigoda karibu. Sasa hakuwa anatania. "Nisikilize. Chukua ndoo ya maji, ishike karibu na kifua. Utaweza kusimama nayo muda. Sasa nyoosha mkono mbele na ndoo hiyo hiyo. Itakuwaje?"

"Mkono utauma mara moja."

"Kichwa chako ni ndoo. Kizito. Kikikaa juu ya mabega, shingo inakibeba bila taabu. Wewe umekining'iniza mbele kutwa nzima. Misuli ya shingo inakishikilia bila kupumzika. Ndiyo maana inauma. Tuendelee?"

"Endelea tu. Umeshaanza."

"Ukijikunja hivyo, kifua na tumbo vinabanwa. Mapafu hayapati nafasi ya kutosha. Unapumua juu juu, hapa kooni. Halafu ukishika kitu kidogo unabana pumzi kabisa. Ukimaliza unahema haraka haraka kufidia. Mwili unashangaa. Unajiuliza, huyu anakimbia nini? Kuna hatari gani? Basi unajiandaa. Moyo unaenda mbio, vidole vinakufa ganzi, mkono unatetemeka. Na mtu anayedhani yuko hatarini hawezi kuwa mpole. Mtoto akileta daftari, anaonekana kama adui."

Fundi saa hakupenda kusikia habari ya daftari. Nani alimwambia?

"Sasa unataka niache kazi?"

"Nataka uache hii meza."

Siku ya pili fundi seremala aliweka vipande vinne vya mbao chini ya miguu ya meza. Meza ikapanda hadi viwiko vya fundi saa vikaweza kulala juu yake. Taa ikasogezwa. Kiti kikarekebishwa, nyayo zikakanyaga sakafu vizuri. Shemeji alimfundisha kuweka kiganja tumboni, chini ya mbavu.

"Vuta pumzi kwa pua, taratibu. Tumbo liinue kiganja. Sasa itoe polepole, kama unapoza chai. Usijaze kifua kama puto. Kidogo kidogo tu. Na skurubu uiweke wakati unatoa pumzi."

"Halafu?"

"Kila nusu saa unasimama. Unazungusha mabega. Unatembea mpaka mlangoni na kurudi."

"Nitafanya kazi saa ngapi?"

"Shemeji, juzi ulitafuta skurubu moja dakika ishirini."

Wiki ya kwanza ilikuwa adhabu. Fundi saa aliamua kukaa wima sawasawa. Alikaza mgongo, akatoa kifua, akabana tumbo. Jioni aliumwa kuliko zamani. Alimpigia shemeji simu.

"Mazoezi yako yananimaliza!"

"Umekaaje?"

Akaeleza. Upande wa pili shemeji alicheka mpaka akakohoa.

"Nani kakwambia ukae kama mlinzi wa geti? Legeza! Mgongo urefuke bila kukazwa. Tena hata ukikaa vizuri namna gani, ukikaa saa tatu bila kusogea utaumia tu. Mwili unataka kusogezwa, siyo kugandishwa."

Tatizo la pili ni kwamba alisahau kusimama. Akishaanza kazi, nusu saa ilipita, saa ikapita. Mkewe alimweleza Chiriku. Jumamosi Chiriku alikwenda dukani, akachukua saa ya mezani yenye kengele kali kuliko zote, akaiweka kwenye kigoda karibu na mlango, mbali na mkono wa baba yake. Alikaa nayo kutwa nzima, akiitega upya kila nusu saa.

Kengele ikalia.

"Chiriku, izime!"

"Simama kwanza, baba."

"Niko katikati ya kazi!"

"Simama kwanza."

Akasimama akinung'unika. Akazungusha mabega. Akaenda mlangoni, akarudi. Nusu saa baadaye kengele ikalia tena. Kufikia jioni alikuwa ameichukia ile saa kupita kiasi. Lakini alipofunga duka, aliona jambo la ajabu. Alikuwa amenyooka mwili mzima, na wala hakujilazimisha. Tangu hapo aliitega mwenyewe, akaendelea kuitukana.

Wiki ya tatu aliingia mteja mmoja akifoka. Saa yake haikuwa tayari. Fundi saa alihisi mabega yakipanda kuelekea masikioni. Safari hii aliyaona yakipanda. Hakuwahi kuyaona kabla. Akayashusha. Akatoa pumzi polepole. Hasira ilikuja, ikazunguka kidogo, ikaondoka kama mgeni asiyepewa kiti.

"Ni kweli nilikuahidi leo," alisema. "Samahani. Kaa kidogo, nakumalizia sasa hivi."

Mteja akaketi. Alikuwa amekuja amejiandaa kwa ugomvi.

Jioni ile fundi saa alimwambia mkewe, "Unajua nilidhani mimi ni mtu mkali. Nikasema ndivyo nilivyo, basi. Kumbe ukali mwingine haukuwa mimi. Ilikuwa shingo."

"Na uliobaki?" mkewe aliuliza.

"Uliobaki ni mimi."

Wakacheka wote.

Mwalimu mstaafu alirudi. Alikuwa amesubiri muda mrefu na hakuficha.

"Fundi, mimi nina miaka sabini na nane. Usiniombe subira. Sina akiba yake."

"Keti, mwalimu. Imebaki skurubu moja."

Alipachika lenzi. Viwiko akavilaza juu ya meza. Akashika ile skurubu ndogo kama chembe. Akavuta pumzi, tumbo likainuka. Akaanza kuitoa. Katikati ya pumzi hiyo, skurubu iliingia mahali pake, ikazunguka mara mbili, ikatulia. Mkono haukutikisika.

Mwalimu aliiweka saa sikioni. Alifumba macho. Alisikiliza muda mrefu, na fundi saa hakumharakisha.

"Inatembea," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha akamtazama fundi kuanzia chini hadi juu. "Na wewe? Umerefuka?"

"Hapana, mwalimu. Nimeacha kujikunja."

Si kwamba kila kitu kilipona. Siku za kazi nyingi shingo bado ilimkumbusha. Siku nyingine aliamka na kisirani, na mkao mzuri haukusaidia kitu. Shemeji alishamwambia hilo: pumzi haiondoi matatizo ya dunia, inakupa tu nafasi ya kuyatazama. Lakini kifua hakikumbana tena. Na jioni moja, alipokuwa anavua viatu, Chiriku alikuja akasimama karibu yake. Daftari alilificha mgongoni.

"Baba, umechoka?"

"Kidogo. Kuna hesabu ngapi?"

"Kumi na mbili."

Fundi saa alitoa pumzi, ndefu kweli kweli. "Lete."

Sasa ikawa zamu yake kusumbuka na mtu. Fundi simu mmoja alikuwa amepanga chumba cha jirani na duka mwezi ule. Alikuwa kijana mwenye mikono hodari, lakini alikunja mgongo kutwa juu ya meza ya chini kuliko magoti yake. Alifokea wateja. Alifokea simu. Alishika shingo yake na kulalamika kwamba kuna mtu amemroga.

Fundi saa alimweleza habari ya mgongo na pumzi mara ya kwanza. Hakusikia. Akamweleza mara ya pili. Hakusikia. Mara ya tatu fundi saa aliona hasira inampanda. Shemeji alinivumilia vipi mimi, aliwaza. Akaingia bila hodi, akachukua kigoda, akaketi mbele yake.

"Mzee, niache!" fundi simu alisema bila kuinua kichwa. "Nina kazi. Sitaki mafundisho yako. Unanichosha, unanichosha, una—"

Akaishiwa pumzi katikati ya neno.

"Umeona?" fundi saa alisema. "Haya, vuta pumzi kwanza. Halafu uendelee kunitukana vizuri."